Kutoka kitendo hadi kitufe: mwongozo wa kuunda maneno ya teknolojia kwa Kiswahili

Mwongozo huu ni wa mtu aliyepewa orodha ya maneno mia mbili ya Kiingereza na kuambiwa ayatafutie Kiswahili kufikia Ijumaa. Huenda unatafsiri programu ya simu, unaandika menyu ya huduma ya kifedha, unafundisha TEHAMA sekondari, au una huduma yako mwenyewe unayoitafutia jina. Kazi hii nimeifanya kwa miaka kadhaa, na nimeona maneno mengi yakizaliwa na kufa, ya kwangu yakiwemo. Yanayoishi yana asili moja: yalianza na jambo ambalo watu walikuwa tayari wakilifanya kwa mikono yao. Yanayokufa mara nyingi yalianza na neno la kigeni, likachambuliwa na kufasiriwa kipande kwa kipande, na hakuna aliyeuliza mtumiaji ameshika nini mkononi.

Chukua neno pakua. Jikoni, mpishi hupakua: anatoa chakula sufuriani na kukiweka kwenye sahani ya mlaji. Bandarini, makuli hupakua shehena iliyopakiwa melini. Faili inapotoka kwenye seva ya mbali na kutua kwenye simu yako, hilo ndilo linalotokea, na mtoto aliyewahi kuona wali ukipakuliwa hahitaji kuelezwa. Neno la namna hiyo ndilo tunalolitafuta katika hatua zote zinazofuata.

Hatua ya 1: Eleza kitendo bila kutaja neno la kigeni

Funika ile orodha. Chukua karatasi, andika sentensi moja au mbili: mtu anapofanya hivi, simu inafanya vile. Usitumie neno lolote ambalo jirani yako asiyeshughulika na kompyuta hatalielewa. Ukishindwa kuiandika sentensi hiyo, bado hujakielewa kitu chenyewe, na neno utakaloliunda litakuwa ganda tupu. Rudi kwa mtengenezaji wa programu, muulize mpaka kieleweke.

Watu huiruka hatua hii kwa kuiona ya kitoto. Niliwahi kuiruka mimi, tena kwenye kazi niliyoipenda. Tulikuwa tunatengeneza programu ya vikundi vya kuweka na kukopa. Katibu anaandika hisa na marejesho kwenye simu wakati wa mkutano, mara nyingi mahali pasipo na mtandao. Akifika penye mtandao anabonyeza kitufe, kumbukumbu zake zinakwenda kwenye seva na za wenzake zinakuja, mpaka pande zote ziwe sawa. Kwenye kitufe hicho niliandika Landanisha. Kikamusi halina kosa: landa ni kufanana, landanisha ni kufanya vitu vifanane. Wiki zikapita, makatibu hawakigusi.

Nikaenda kukaa kwenye mkutano wa kikundi kimoja. Nikaamkia, nikapewa kiti, na katibu, mama wa makamo, akanionyesha simu yake. "Mwanangu, hii landanisha ndiyo nini? Inakata hela?" Kumbe hilo ndilo lililokuwa swali la wote. Kwenye simu, neno usilolijua ni neno linaloweza kukukata hela, na mwenye busara halibonyezi. Mkutano ulipofikia mwisho, mweka hazina alihesabu fedha za sandukuni, katibu akajumlisha daftari, na mwenyekiti akasema, "Haya jamani, tulinganishe." Wakasoma tarakimu kwa sauti, moja ya sandukuni, moja ya daftarini, hadi zikakubaliana. Kitendo chetu chote kilikuwa pale, pamoja na jina lake, na kilikuwepo kabla sisi hatujafika na simu zetu. Toleo lililofuata lilikuja na kitufe cha Linganisha. Kikaanza kubonyezwa.

Siku hiyohiyo nikapata la pili. Vikundi hivi hutunza fedha kwenye sanduku lenye kufuli tatu, na funguo hushikwa na watu watatu tofauti ili asiwepo mmoja anayeweza kulifungua peke yake. Programu yetu nayo ilitaka watu watatu waidhinishe kila mkopo, na nilikuwa nimeandika "Uthibitishaji wa ngazi nyingi". Tukafuta, tukaweka "Ufunguo wa kwanza", "Ufunguo wa pili", "Ufunguo wa tatu". Hapo sikuunda neno hata moja. Nilichofanya ni kukaa na kuangalia.

Hatua ya 2: Sikiliza kama neno limeshazaliwa

Nenda kwa wanaoshinda na vifaa mkononi: mawakala wa fedha, mafundi simu wa Kariakoo au wa Luthuli Avenue kule Nairobi, wahudumu wanaopokea simu za wateja, wanafunzi wa chuo. Keti, sikiliza, andika kama lilivyotamkwa. Utakuta sehemu kubwa ya orodha yako imeshamalizwa na watu ambao hawakuombwa na yeyote. Kumpigia mtu na kukata kabla hajapokea, ili akupigie kwa salio lake, Watanzania waliita kubipu bila baraza lolote kuketi. Salio lenyewe, vocha, bando, muamala, wakala, laini kwa maana ya kadi ya simu: yote hayo yamekwishakaa midomoni. Fundi hakwambii skrini ya mguso imeharibika. Anakwambia kioo kimepasuka, na ukimuuliza bei atakutajia bei ya kioo.

Ukilikuta neno limeshazaliwa, litumie. Usilifanyie marekebisho ili lionekane la kisomi. Nimeshaona menyu ya fedha iliyoandikwa "ingiza nywila yako" kwa watu ambao tangu siku walipoanza kutuma pesa kwa simu wameambiwa "ingiza namba ya siri". Nywila ni neno zuri na linafaa kwenye akaunti ya barua pepe, kule kwenye mchanganyiko wa herufi na alama. Lakini tarakimu nne za kutolea pesa zina jina lake, na mteja aliyesimama mbele ya wakala huku watu wamepanga foleni nyuma yake hapaswi kuanza kujiuliza kama nywila na namba ya siri ni kitu kimoja.

Kuna jambo moja la kuangalia hapa. Maneno ya watu wakati mwingine hubeba mzigo mwingi mno. Mtandao, kutoka tandaa, ni mfano. Kwa mtu mmoja mtandao ni intaneti, kwa mwingine ni mawimbi ya simu, kwa wa tatu ni kampuni ya simu ("uko mtandao gani?"). Ujumbe unaosema tu "Mtandao haupatikani" haumsaidii mtu kujua kama bando limeisha, kama yuko bondeni pasipo na mawimbi, au kama seva yako imelala. Neno likibebeshwa hivyo, liache libaki na maana yake pana, kisha taja kila jambo kwa jina lake: "Bando limeisha", "Hakuna mawimbi hapa ulipo", "Huduma yetu haipatikani kwa sasa".

Hatua ya 3: Chagua njia ya kuunda

Ukihakikisha kwamba neno halipo, sasa unda. Njia zake zinafundishwa shuleni na zina majina yake. Ninazitaja kwa mfuatano ninaozijaribu, kwa kuwa mfuatano wenyewe ni sehemu ya ushauri wangu.

Anza kwa kupanua maana ya neno lililopo. Dirisha, ukurasa, wingu, kipanya, kata, bandika, futa: yote ni maneno ya nyumbani yaliyopewa kazi ya ziada. Nilipendalo zaidi ni bofya. Kabla ya kompyuta, ulibofya embe au parachichi, ukalibonyeza kwa kidole kujua kama limeiva. Kidole kilekile leo kinabofya kiungo. Unapopanua maana, hakikisha umbo la kitendo limebaki, maana kinachombeba mtumiaji ni umbo hilo.

Maana isipopanuka, nyambua. Hapa ndipo lugha yetu ilipo na utajiri ambao wengi wetu hatuutumii nusu yake. Fikiria kauli ya kutendua: funga na fungua, ziba na zibua, tega na tegua, kunja na kunjua. Kwa kubadili mwisho tu unapata kitendo na kinyume chake, na teknolojia imejaa vitendo na vinyume vyake. Mshale unaofuta kosa ulilolifanya sasa hivi kwenye waraka umepata jina la tendua, kutoka tenda. Ujumbe unaogeuzwa kuwa msimbo umesimbwa, na anayeurudisha usomeke anausimbua. Sasisha limetoka kwenye sasa: kukileta kitu kiwe cha sasa. Ni nadra kitenzi kuzaliwa na neno la wakati, lakini hili lilipozaliwa lilikaa mara moja, kwa sababu kila anayelisikia anaisikia sasa ndani yake.

Nikupe mfano ninaoutumia mwenyewe. Faili kubwa hubanwa ili itumwe kirahisi, kisha anayeipokea huirudisha ilivyokuwa. Mimi huandika kunja faili, kunjua faili. Kanga ikikunjwa inaingia kwenye mkoba mdogo, ikikunjuliwa ni ileile, haikupungua uzi. Lakini picha inayopunguzwa ukubwa ili itumwe haraka inapoteza kitu ambacho hakirudi. Hapo kunja litamdanganya mtumiaji, kwa kuwa litamwahidi kwamba ataikunjua. Hapo naandika punguza, na pembeni naongeza "picha itapoteza ung'avu kidogo". Kwa Kiingereza vitendo hivi viwili huitwa kwa neno moja. Kwetu si lazima viitwe hivyo, na tukivitenganisha tumemtendea haki mwenye picha.

Viambishi vya majina navyo viko tayari. Ki- mwanzoni hutoa kifaa: kikokotoo kutoka kokotoa, kichapishi kutoka chapisha, kivinjari kutoka vinjari, yaani kuzungukazunguka mahali ukichunguza. M- na -ji hutoa mtendaji, u- na -ji hutoa shughuli yenyewe. Ukishapata kitenzi kizuri, hivi vingine hujileta. Kwa hiyo tafuta kitenzi kwanza, hata kama orodha yako imekuomba nomino.

Njia ya tatu ni kufufua neno lililosahaulika au kuazima kwa ndugu. Mdukuzi ni jirani wa mdukizi, yule anayesikiliza kwa siri maneno yasiyomhusu. Wanaisimu walichukua ngeli kutoka Kihaya, na vyuo vikuu vikachukua kitivo, ardhi yenye rutuba, kutoka Upareni na Usambaani. Lugha zetu za Kibantu zina ndugu wengi wa kuazimana nao kabla hatujafika mbali. Sharti langu ni moja tu: neno lifike na picha yake. Ukilazimika kuandika aya nzima ili lieleweke, limekuja peke yake.

Kisha kuna kutohoa, yaani kuchukua neno la kigeni na kulipa matamshi ya Kiswahili, na hapa natofautiana na wenzangu wengi. Kutohoa si kushindwa. Kitabu kilitoka Kiarabuni, meza kwa Wareno, shule kwa Wajerumani, na hakuna anayeyaonea aibu. Tarakilishi, iliyochongwa kutokana na tarakimu na akili, inafundishwa katika shule za Kenya na wapo wanaoitumia kwa fahari. Kompyuta inasikika pande zote za mpaka, sokoni na ofisini. Kama kitu chenyewe kimekuja na jina lake, na watu wamekwisha kulitamka, kazi yako ni kulivisha vizuri. Fuata sauti, usifuate tahajia ya kigeni. Neno liishie na irabu. Baada ya sauti za midomo kama m, b na p, mara nyingi mdomo wetu unaomba u: programu, modemu, bipu. Baada ya t, s na l unaomba i: intaneti, basi, faili. Litamke kwa mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Likikutoka bila kujikwaa, limeshaingia nyumbani.

Kuunganisha na kufupisha nakuwekea mwisho. Hifadhidata ni mwungano safi, kwa kuwa maneno yote mawili yanasikika mazima. Kiolesura, kutoka ola na sura, kinahitaji mwalimu kwa sababu ola wengi hawalijui. Kipakatalishi kina nusu nzuri sana: kupakata ni kumweka mtoto mapajani, na kompyuta hiyo ndivyo inavyokaa. Nusu ya pili ni mkia wa tarakilishi, na kwa asiyeijua tarakilishi mkia huo hausemi kitu. Ukifupisha, chukua silabi badala ya herufi mojamoja. TEHAMA inatamkika kwa sababu imechukua TE ya teknolojia, HA ya habari na MA ya mawasiliano. UKIMWI nao umejengwa hivyo, na leo watoto wanaujua kama neno kabla hawajajua kuwa ni ufupisho.

Hatua ya 4: Litie kwenye sentensi

Neno likiwa peke yake kwenye jedwali linaweza kuonekana zuri na bado lisifae. Kama ni kitenzi, kipitishe humu: nimepakua, sijapakua, inapakuliwa, nipakulie, imepakulika, mpakuaji, upakuaji. Pakua limepita kote bila kukwaruza. Kubipu, ijapokuwa limetoholewa na haliishii na a, linapita sehemu kubwa: alinibipu, usinibipu, tunabipiana. Kama kitenzi chako kinakwama kwenye "nipakulie", yaani kwenye kumwomba mtu akufanyie, fikiria upya, kwa sababu hivyo ndivyo teknolojia inavyosambaa kwetu. Mtu anampa kijana simu na kumwambia, "Hebu nifanyie hii."

Kama ni nomino, tafuta ngeli yake kabla watu hawajakutafutia. Maneno mengi ya kutoholewa huingia ngeli ya I-ZI: programu hii, programu hizi. Lakini mwanzo wa neno unaweza kulivuta kwingine. Virusi lilikuja na vi- yake kutoka ughaibuni. Sisi tukasikia wingi, tukazaa kirusi. Kipilefti cha barabarani kikazaa vipilefti. VICOBA ulikuwa ufupisho wa Kiingereza wa benki za jamii vijijini, lakini masikio ya watu yakasikia vikoba, wakasema kikoba, na kikoba ni kifuko kidogo cha kutilia vitu. Sidhani kama kuna kamati ingelipata jina zuri zaidi kwa kikundi cha akiba. Kwa hiyo neno lako likianza na ki, vi, m au u, lijaribu katika umoja na wingi, uone litaelekea wapi. Likielekea pazuri, waache watu walichukue.

Hatua ya 5: Lipime kwa kioo na kwa simu mbovu

Hatua fupi, lakini ndiyo inayoua maneno mengi kimyakimya. Ukurasa mmoja wa menyu za nyota na reli hubeba herufi 182 tu, na ujumbe mfupi wa simu hubeba 160. Humo inatakiwa iingie salamu, machaguo matano na neno la kurudi nyuma. Kipakatalishi peke yake kinakula herufi 13. Hesabu herufi za kila neno na uweke umbo fupi pembeni mwa umbo refu tangu mwanzo, usingoje mtengenezaji akukatie neno katikati.

Kisha mpigie mtu aliye kwenye basi au sokoni umsomee: "Bonyeza palipoandikwa…" Akikuuliza mara mbili umesema nini, neno lina kasoro ya sauti. Maneno yanayofanana sana yasikae kwenye ukurasa mmoja. Pakia na pakua ni jozi nzuri kwa maana, lakini kwenye laini yenye mikwaruzo yanatofautiana kwa sauti moja tu. Nikilazimika kuyaweka pamoja, huandika "Pakia picha yako" na "Pakua risiti", ili kilicho nyuma kimwongoze msikilizaji.

Hatua ya 6: Livushe mpaka

Kiswahili chako kitasomwa mbali kuliko ulikozaliwa. Kuflashi kwa Mkenya ni kule kubipu kwa Mtanzania. Kwa fundi wa Dar es Salaam, kuflashi ni kuiwekea simu programu yake upya, na kunaweza kufuta picha zako zote. Ujumbe wa msaada ukisema "flashi simu yako" bila kujua unasemwa wapi, unaweza kumletea mtu hasara. Tofauti nyingine hazina madhara: tovuti upande mmoja na wavuti upande wa pili, simu ya mkononi na rununu. Kwa mashine zinazojifunza na kujibu, wapo wanaosema akili mnemba, wapo wanaosema akili unde, na wapo wanaosema akili bandia. Mimi sihofii ushindani wa namna hii. Ninachokihofia ni programu moja kutumia yote matatu kwenye kurasa tatu.

Kama kazi yako inavuka nchi, omba mafaili tofauti. Mifumo ya tafsiri inatambua sw-TZ, sw-KE, sw-UG na sw-CD, na Kiswahili cha Kongo kina alama yake yenyewe, swc. Usiandike faili ya Kongo ukiwa umekaa Dar. Tafuta msemaji wa Lubumbashi au wa Bukavu. Kule maneno mengi ya kazi yamepitia Kifaransa, na yao ni halali kama yetu.

Matusi yachunguze pande zote. Neno la Kijapani la dubu, linaloandikwa kwenye vitu vya watoto bila shida yoyote, kwetu halitamkiki mbele ya wazazi. Na lako nalo linaweza kuwa hivyo kwa jirani. Waulize vijana na wazee, wanaume na wanawake, kila kundi peke yake. Kuna maneno ambayo mtu hatakwambia maana yake ya pili mbele ya mkwewe.

Hatua ya 7: Kama unaloliunda ni jina la huduma

Istilahi ni mali ya kila mtu. Jina la huduma ni lako, na linahitaji uangalifu wa aina nyingine. Linaweza kuacha kueleza kitu kabisa: Bluetooth ni jina la utani la Harald, mfalme wa Denmark wa karne ya 10 aliyewaunganisha watu wake, na lilichukuliwa kwanza kama jina la muda la mradi wa kuunganisha vifaa. Alama yake hadi leo ni herufi mbili za kale za Skandinavia zilizopandana. Lakini kwa wateja wetu mimi napendelea jina linalosema kitendo. M-Pesa, iliyoanza Kenya Machi 2007, ina herufi moja ya simu na neno ambalo kila mtu alikuwa nalo mfukoni. Ushahidi, iliyoanzishwa 2008 kukusanya taarifa za wananchi baada ya vurugu za uchaguzi wa Kenya, ilijitaja kwa jukumu lake. Fuliza, ya 2019, nadhani ndiyo bora kuliko zote kwa ufundi wa lugha: kufuliza ni kuendelea mfululizo bila kukatika, na huduma yenyewe inakuwezesha kukamilisha malipo pale salio linapokatika. Ni kitenzi kamili, kwa hiyo watu walikinyambua siku ileile: nimefuliza, nafuliza, deni la kufuliza.

Uzuri huo una upande wa pili. Jina likinoga sana linakuponyoka. Bajaji lilikuwa jina la kampuni moja. Leo kila chombo cha magurudumu matatu ni bajaji, hata kikitengenezwa na mshindani wake. Na jina linalotaja tu bidhaa, kama "Pesa" au "Mkopo" peke yake, halisajiliki kirahisi kama alama yako kwa kuwa wengine nao wana haki ya kulitumia. Tafuta katikati: kitenzi kisichotumika sana, chenye picha, ambacho washindani wako hawakihitaji kuelezea biashara zao.

Kabla hujachapisha fulana, tafuta jina hilo kwenye daftari la alama za biashara: BRELA kwa Tanzania Bara, BPRA kwa Zanzibar, KIPI kwa Kenya. Bara na Zanzibar ni madaftari mawili, usajili wa upande mmoja haukulindi upande wa pili. Angalia pia kama anwani ya .tz au ya .ke iko wazi, na kama jina likiandikwa bila nafasi halizai neno jingine katikati.

Hatua ya 8: Liandikie cheti cha kuzaliwa

Kila neno lipate mstari wake kwenye jedwali moja la kazi: neno, ngeli au aina yake, maelezo uliyoyaandika katika hatua ya 1, sentensi mbili za mfano, umbo fupi, maneno uliyoyakataa na sababu ya kuyakataa. Safu hiyo ya mwisho usiiache. Mfasiri atakayekuja baada yako atalifikiria Landanisha tena, na ataliona zuri kama nilivyoliona mimi.

Ukiwa na maneno ishirini au thelathini yaliyokwisha kutumika, wapelekee BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa, au BAKIZA, Baraza la Kiswahili la Zanzibar, ukiwa huko. BAKITA ina jukumu la kusanifisha istilahi tangu ilipoundwa kwa sheria mwaka 1967, na orodha yenye maelezo, mifano na ushahidi wa matumizi inawarahisishia kazi kuliko orodha ya maneno makavu yaliyopangwa mbele ya Kiingereza. Usingoje kibali ndipo uanze kutumia. Neno husanifishwa vizuri likiwa tayari linatembea.

Hatua ya 9: Rudi baada ya miezi mitatu

Omba kumbukumbu za kituo cha huduma kwa wateja. Tafuta simu zilizoanza na "nimeona pameandikwa…", kwa kuwa hizo ndizo zinazokuonyesha neno lililokwama. Tafuta pia neno ambalo wateja wanalitumia badala ya lako. Wakiwa wengi wanasema hivyo, wao ndio wenye kitufe, badilisha. Unapobadilisha, usilifute la zamani siku hiyohiyo. Liache kwenye ukurasa wa msaada, ili anayelitafuta alikute na kuelekezwa kwenye jipya. Kwa ile programu ya vikundi tuliliacha Landanisha humo kwa mwaka mzima, likiwa na mstari mmoja chini yake: "Sasa linaitwa Linganisha. Halikati hela."